Mambo Leo na Baraza la Wasomaji Tanganyika, 1923–1954

Mnamo Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa mjini Dar es Salaam toleo la kwanza la gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Nchi ilikuwa bado inajizoazoa baada ya vita vilivyomwondoa Mjerumani. Shule nyingi zilikuwa zimefungwa, walimu wametawanyika, na Waingereza waliokabidhiwa nchi hiyo na Shirikisho la Mataifa hawakuwa na njia nyepesi ya kusema na wenyeji wapatao milioni 4 waliozungumza lugha zaidi ya 100. Aliyesimamia elimu wakati huo, Stanley Rivers-Smith, alikuwa amepata uzoefu wake Unguja, na imani yake katika Kiswahili ilikuwa kubwa. Kusudi la gazeti lilielezwa kwa urahisi: aliyetoka shule asisahau kusoma, na aliyekwisha kusoma apate kitu cha kusoma.

Kusudi hilo halikutaja mazungumzo. Hata hivyo historia inalikumbuka gazeti hili kwa sababu ya mazungumzo ya wasomaji wake zaidi kuliko mafundisho ya idara. Jambo linalostahili kuchunguzwa hapa ni namna karatasi ya serikali, iliyoanza kwa sauti moja ikielekea chini, ilivyogeuka baraza ambamo karani wa Tanga alimjibu mwalimu wa Bukoba, na wote wawili wakasikilizwa na watu ambao hawakuwahi kuonana nao.

Ikumbukwe kwanza kwamba Mambo Leo halikuanza katika uwanja mtupu. Mwaka 1888 wanafunzi wa misheni ya Kiangilikana huko Kiungani, Unguja, walikuwa wamechapa Msimulizi, gazeti lililojaa habari zilizopelekwa kutoka vituo vya misheni bara na pwani. Lilikuwa karibu na barua ya ukoo: waliosoma pamoja waliulizana hali, wakapeana habari za ndoa, misiba na safari. Baadaye serikali ya Kijerumani ilitoa Kiongozi katika shule yake ya Tanga, nalo likaendelea hadi 1916. Waandishi wake wengi walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo waliopelekwa kufanya kazi ya ualimu, ukarani na uakida katika wilaya za mbali. Basi palikuwapo, kabla ya Mwingereza, watu waliozoea kuchukua kalamu na kuandika, "Bwana Mhariri, nakuarifu." Mtandao huo wa watu waliosoma pamoja ndio uliokuwa mbegu. Idara ya Elimu haikuutengeneza, iliukuta ukiwa umelala.

Matoleo ya mwanzo, kama ilivyo desturi ya kila gazeti geni, yalibebwa na wenye gazeti wenyewe. Palikuwa na masomo juu ya kilimo, afya na jiografia, matangazo ya serikali, habari za Ulaya, na hadithi zilizotafsiriwa zikitolewa kwa mfululizo. Hadithi za mfululizo zilikuwa na faida ambayo huenda wahariri hawakuikusudia yote: zilimfanya msomaji angoje mwezi ujao. Mtu aliyeachwa na jahazi katikati ya bahari, maharamia wakimkaribia, hakuwa tayari kukosa toleo linalofuata. Kungoja huko kukawa desturi, na desturi ikawapa wasomaji wakati mmoja, kila mtu akilisubiri toleo lile lile kwenye posta yake.

Ama njia za kulifikisha zilikuwa chache lakini imara. Reli ya kati ilikwisha kufika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika 1928. Kaskazini, reli ya Tanga iliyofika Moshi zamani za Wajerumani ilisogezwa hadi Arusha mwaka 1929. Penye stesheni palikuwa na posta, penye posta palikuwa na karani, na karani ndiye msomaji. Ramani ya wasomaji wa Mambo Leo kwa kiasi kikubwa ni ramani ya stesheni, boma na shule. Lakini hesabu ya nakala zilizouzwa haiwezi kutoa picha kamili, kwani nakala moja ilisomwa kwa sauti barazani, jioni, na wasiojua kusoma wakatoa maoni yao kama wengine. Aliyeandika barua mara nyingi aliandika yaliyokwisha kujadiliwa na jirani zake.

Hatua ya kugeuka ilikuja pale gazeti lilipompa msomaji kazi. Habari za miji zilitegemea watu wa miji yenyewe: mtu wa Lindi aliandika juu ya mvua na mavuno ya Lindi, mtu wa Dodoma juu ya njaa au kuja kwa mgeni mkubwa. Hizi zinaonekana kuwa habari ndogo. Lakini mtu aliyeona jina lake na jina la mji wake limechapwa Dar es Salaam alilinunua toleo hilo, akawaonyesha rafiki zake, nao wakaona kwamba mji wao pia una haki ya kutajwa. Wasomaji wakaanza kupeleka historia za makabila yao na mila zao, na penye historia hapakosi mbishi. Mmoja alieleza asili ya ukoo wa watawala wa kwao, na mwingine wa ukoo jirani akakataa. Mhariri, aliyetaka tu kujaza kurasa na kuhifadhi mila, alijikuta mwamuzi wa kesi asizozijua.

Hata hivyo, kuliko barua na habari za miji, ushairi ndio uliolipa gazeti uhai wake. Hapa hapana budi kukaa kidogo. Shairi la Kiswahili, kama lilivyozoewa pwani, lina mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na aghalabu kibwagizo kinachorudi. Umbo hili ni la majibizano. Mtunzi akiuliza swali au akifumba fumbo, anayejibu anatakiwa ashike bahari na vina vile vile, na kushindwa kwake huonekana na kila mtu. Shairi ni fupi, kwa hiyo lilienea katika ukurasa uliokuwa na nafasi ndogo. Huimbika, kwa hiyo lilishikwa na wasiojua kusoma. Lina adabu zake, kwa hiyo liliruhusu ukali ambao ungekuwa matusi katika nathari. Wahariri wa Kizungu hawakuuvumbua ukumbi huu wa malumbano, uliokuwapo Mombasa, Pemba na Lamu karne nyingi kabla ya mtambo wa chapa wa Dar es Salaam. Walichofanya ni kuufungulia mlango, na kusifiwa kwao kusizidi hapo.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Ushairi uliokuwa mali ya miji ya pwani ulihamia bara. Shaaban Robert, mzaliwa wa kijiji cha karibu na Tanga na karani wa forodha, alianza kujulikana nchini kwa mashairi yake gazetini katika miaka ya 1930, kabla ya vitabu vyake. Mathias Mnyampala, Mgogo kutoka Dodoma aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, alikuja kuwa mmoja wa washairi wanaoheshimiwa zaidi. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na Saadani Kandoro naye alikuwa mtu wa Ujiji, mji ule wa ufukweni ulioangaliana na Kongo na uliokuwa mlango wa misafara ya Manyema katika karne ya 19. Mtafiti wa Kiswahili cha upande wa magharibi wa ziwa hawezi kulipita jambo hili bila kusimama: lugha ile ile iliyovuka na misafara kwenda Kasongo na Nyangwe ilibaki Ujiji ikalea washairi wawili wa taifa jipya.

Watunzi wengi walijificha nyuma ya majina ya kubuni. Jina la kupanga lilimwezesha karani wa serikali kumkosoa mkubwa wake, na kijana kumjibu mzee bila kuvunja heshima. Watu wakafahamiana kwa majina hayo, wakajuliana hali, wakatumiana pole wakati wa msiba. Katika mashairi na barua neno "wasomaji wenzangu" lilipata uzito wa undugu. Inafaa kukubali kwamba undugu huo ulikuwa wa wanaume kwa sehemu kubwa sana. Wanawake walijadiliwa, mavazi yao, mahari yao, kucheza kwao dansi, lakini sauti zao wenyewe ni chache mno katika kurasa hizo. Baraza lilikuwa na milango, na si kila mtu aliyeipita.

Mlango mwingine ulikuwa lugha yenyewe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika ya Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, ilianza kusimamia tahajia na vitabu. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Gazeti la serikali lilitumika kueneza sanifu hiyo. Mtu wa bara alifaidika, kwa kuwa alipewa kanuni za kujifunza ambazo hazikudai azaliwe pwani, na mtu wa pwani akaudhika kuona lugha ya mama yake ikisahihishwa na wageni. Mabishano juu ya nani mwenye Kiswahili hayakumalizika wakati huo.

Mlango wa tatu, ulio mzito kuliko yote, ulishikwa na serikali. Gazeti lilikuwa lake, na lililokuwa kinyume na utawala halikupata nafasi. Waliotaka kusema zaidi walipaswa kutafuta mahali pengine. Mnamo Novemba 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara wa asili ya Buganda aliyeishi Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Lilikuwa na fedha kidogo na taabu nyingi, likatoka kwa kusuasua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini lisingalipata wasomaji hata hao wachache kama watu wasingalikwisha kuzoea, kwa miaka 14, kuandika na kujibiwa. Katika maana hiyo Mambo Leo lilimlea mshindani wake.

Hapa ulinganisho na Kongo ya Kibelgiji unafaa. Huko La Voix du Congolais lilianza Léopoldville mwaka 1945, chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, likaendelea hadi 1959. Nalo lilikuwa baraza lililofadhiliwa na serikali, nalo likazaa waandishi. Lakini lilitoka kwa Kifaransa, na wasomaji wake walikuwa wale walioitwa évolués na vyama vyao. Aliyesoma darasa chache za kijijini Katanga au Kivu, kwa Kiswahili, alibaki nje. Tanganyika ilikuwa na kurasa ambazo mtu wa aina hiyo angeweza kuandika. Tofauti hiyo haikutokana na ukarimu wa Mwingereza, ilitokana na uamuzi wa lugha ambao Wajerumani walikuwa wameuanza kwa sababu zao za utawala.

Vita vya pili vya dunia viliongeza moto. Askari wa King's African Rifles waliofika hadi Burma walirudi na fikra, nguo na miziki mipya. Miaka ya 1940 na 1950 kurasa za barua zilijaa ubishi juu ya dansi, mavazi na maana ya ustaarabu: je, mstaarabu ni anayemwiga Mzungu, au anayeshika heshima ya wazee wake? Siasa haikutajwa kwa jina. Lakini kuuliza nani mwenye heshima, katika nchi iliyotawaliwa na wageni, ni kuuliza swali la siasa kwa mlango wa nyuma, na wasomaji walilijua hilo.

Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na kati ya hao walikuwamo makarani na walimu wengi, yaani wasomaji na waandishi wale wale. Mwaka uliofuata Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, akiandika yale ambayo malumbano ya gazetini yalikuwa yamewafundisha watu wa bara kwa miaka 30. Mwezi Julai 1954, Dar es Salaam, Saadani Kandoro alikuwa miongoni mwa wajumbe walioanzisha TANU. Shairi lake juu ya siafu wanaomwandama nyoka lilikwisha kujulikana, na hakuna msomaji aliyehitaji kuelezwa nyoka ni nani.