Barabara ya Momella: filamu iliyoleta wageni na habari isiyosimuliwa

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, ukifika Usa River kuna njia inayokata kushoto na kupanda hadi Ngongongare, lango la kusini la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Njia hiyo inapita kati ya Mlima Meru na kreta ya Ngurdoto, inayagusa maziwa ya Momella, kisha inatokea Ngare Nanyuki, kwa wakulima wa nyanya. Kwa miaka mingi wamekuwapo wageni wanaoipita si kwa ajili ya mbega wala twiga, bali kwa ajili ya filamu. Wanataka kuona mahali John Wayne alipofukuza faru.

Filamu hiyo ni Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Mwongozaji wake, Howard Hawks wa Marekani, alifika Tanganyika na kikosi chake mwishoni mwa 1960, wakapiga picha hadi mwanzoni mwa 1961 katika viunga vya Arusha na nyanda za Manyara na Ngorongoro. Kisa chenyewe ni chepesi: kundi la watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Makazi yao katika filamu yanaitwa Momella. Mbali na Wayne, walikuwamo Mjerumani Hardy Krüger, Mwitaliano Elsa Martinelli na mchekeshaji Red Buttons.

Kilichoifanya filamu hiyo ikumbukwe ni namna ilivyotengenezwa. Hawks alianza kazi bila hadithi iliyokamilika. Alipiga kwanza mbio za kukamata wanyama, kisha mwandishi Leigh Brackett akashona kisa kuzunguka kilichopatikana. Fundi aliyewafundisha alikuwa Willy de Beer, mkamataji wa wanyama aliyeifanya kazi hiyo kwa riziki yake. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kushika fito zenye vitanzi. Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa nje ya gari, upepo na vumbi vikimpiga usoni, na faru anayeonekana akiligonga gari ni faru kweli. Picha za ndani ya nyumba zilimaliziwa studio, Hollywood.

Lakini Momella ilikuwa na historia ndefu kabla ya kamera kufika. Mlowezi Mjerumani Margarete Trappe aliingia nchini na mumewe mwaka 1907, enzi ya Wajerumani, akajulikana eneo hilo kwa ufugaji na uwindaji. Shamba lake la Momella lilimponyoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipotwaa nchi, naye baadaye akalirudia. Alifariki mwaka 1957. Mwaka 2007 televisheni ya Ujerumani ilimtengenezea filamu yake, na hivyo shamba moja likawa limeingia kwenye filamu mara mbili, kila mara kwa jicho la mgeni.

Upande wa pili wa maziwa kuna habari ambayo haijawahi kupata mwigizaji wa Hollywood. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilifuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson ya kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi, ili nyanda za kaskazini mwa Meru ziwe za ufugaji wa Wazungu. Novemba 1951 askari waliingia Ngare Nanyuki. Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, wakaelekezwa King'ori, mahali ambako hawakutaka kwenda.

Wameru walichanga fedha na kumtuma kijana wao, Kirilo Japhet, hadi New York. Mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton aliyekuwa na ofisi Moshi, Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuwashitaki Waingereza kwa kunyang'anya ardhi katika nchi waliyopewa kuidhamini. Wajumbe wengi waliwaunga mkono Wameru, ila kura katika Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa. Hata hivyo kesi hiyo ilifungua njia. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alikwenda New York, safari hii kwa jina la TANU na kwa ajili ya nchi nzima.

Kutoka moto wa 1951 hadi magari ya Hawks ni miaka tisa tu. Waliofukuzwa walikuwa bado hai, wengi wao wakiwa watu wazima wenye nguvu. Filamu haikuwaona. Ndani yake nchi ni uwanda mtupu wa wanyama na Wazungu wenye bunduki na magari, na Mwafrika ni dereva, mpishi au mcheza ngoma. Wakati kikosi kikipiga picha, Tanganyika ilikuwa tayari na serikali ya madaraka. Filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema, nchi ilikuwa huru, na Septemba 1961 Nyerere alikuwa ameshatoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akiahidi mbele ya dunia kwamba wanyama hao watalindwa.

Filamu iliacha alama ardhini. Krüger aliipenda Momella kiasi cha kununua sehemu ya shamba, akajenga nyumba na loji ya wageni, akaishi hapo hadi miaka ya 1970. Hifadhi nayo ilikuwa ikikua jirani yake: Ngurdoto ilitangazwa mwaka 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa, kisha kreta ya Meru ikaunganishwa mwaka 1967 na eneo lote likaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Leo sehemu ya shamba la zamani la Krüger ina hoteli iitwayo Hatari Lodge, na picha za waigizaji zimo kwenye kuta zake.

Anayekwenda huko na filamu kichwani hataona kazi ile ya kukamata wanyama ikifanyika. Katikati ya miaka ya 1960 kreta ya Ngorongoro ilikuwa na faru zaidi ya 100. Kufikia miaka ya 1990 majangili walikuwa wamewapunguza hadi kumi na kidogo, na wanaoongezeka leo wanalindwa usiku na mchana. Biashara ya kusafirisha wanyama hai nayo imepoteza utukufu wake. Novemba 2010 shehena ya wanyama, wakiwamo twiga wanne, ilitoroshwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro, safari isiyo ndefu kutoka Momella. Nchi nzima ikazungumza kuhusu twiga waliopanda ndege, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai. Kilichokuwa ushujaa wa John Wayne sasa ni kesi ya jinai.

Kenya ilijifunza mapema thamani ya sinema kwa utalii. Out of Africa ilitoka mwaka 1985, na mwaka 1986 nyumba ya Karen Blixen, ambaye filamu hiyo inasimulia maisha yake, jijini Nairobi ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tanzania ilichelewa, lakini ilipoamua iliingia kwa kishindo: Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Royal Tour, filamu ambayo yeye mwenyewe ndiye mwongoza wageni. Safari hii angalau aliyeshika usukani wa simulizi ni mwenye nchi.

Kwenye barabara ya Momella kazi ya kusimulia haihitaji kamera wala bajeti ya serikali. Waongoza watalii wa Arusha wanaijua Hatari! kwa sababu wageni huiuliza. Kesi ya ardhi ya Meru haiulizwi kwa kuwa hakuna aliyewaambia wageni kwamba ilikuwapo. Japhet na Seaton waliiandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1967, na gari linaloshuka kutoka maziwani kwenda Ngare Nanyuki linapita juu ya ardhi ile ile iliyogombewa. Mgeni aliyelipia kiingilio ili aone alipokaa John Wayne anastahili pia kuonyeshwa alikofukuzwa Mmeru, na habari hiyo haiongezi hata shilingi kwenye tiketi yake.