ELIZA: mashine iliyojua kusikiliza

Umewahi kumweleza mtu shida zako, naye akakurudishia maneno yako mwenyewe, na bado ukaondoka umeridhika? "Nimechoka na kazi." "Ahaa, umechoka na kazi?" Basi hila ya ELIZA ni hiyo hiyo. Programu hii iliandikwa na Joseph Weizenbaum kule MIT, Marekani, akaitangaza mwaka 1966.

Ndani yake hamna uelewa wowote. Inatafuta neno kuu katika sentensi yako, inageuza "yangu" kuwa "yako", inatia alama ya kuuliza. Ukitaja mama, inakuomba uzungumzie familia. Ikikosa pa kushika, inakuambia uendelee tu. Weizenbaum aliipa sauti ya mtaalamu wa saikolojia kwa makusudi, maana huyo anaweza kuuliza-uliza bila kuonyesha kwamba anajua chochote kuhusu dunia, na asionekane mjinga.

Sasa jaribu kuiandika kwa Kiswahili uone kazi. Kiingereza kinasimamisha "mimi" na "wewe" kama maneno kamili. Sisi tunawaficha ndani ya kitenzi. Nilipojaribu, "ninakupenda" iligeuka "unanipenda" vizuri kabisa. Nikaandika "ninakunywa chai". Jibu: "Kwa nini unaninywa chai?" Kumbe "ku" ya kunywa siyo "ku" ya wewe! Wewe na mimi hatuchanganyi kamwe, ila hatujawahi kukaa tukalifikiria.

Lakini kilichomshtua Weizenbaum si makosa ya namna hiyo. Katibu muhtasi wake alikuwa amemwona akiitengeneza programu kwa miezi, yaani alijua fika ni mashine. Alipoanza kuongea nayo, baada ya sentensi chache tu alimwomba bosi wake atoke chumbani. Na kuna madaktari wa akili waliodhani inaweza kuwatibu wagonjwa.

Weizenbaum alizaliwa Berlin, na familia yake ya Kiyahudi iliwakimbia Wanazi mwaka 1936. Mwaka 1976 alitoa kitabu akisema zipo kazi ambazo kompyuta haipaswi kupewa, hata kama inaziweza. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa fani ya akili mnemba, alikikosoa vikali.

Mimi yule katibu simcheki. Usiku wa kuamkia kukabidhi tasnifu yangu, niliiandikia programu ya simu "asante sana, ulale salama". Halafu nikageuka kuangalia kama mwenzangu wa chumba ameona.