Mlimani: Nani Amlishe Mwanafunzi?

Tanganyika ilipata chuo kikuu kabla ya kupata uhuru, ila iliponea chupuchupu. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, na bendera ikapandishwa Desemba 9. Majengo ya chuo hayakuwepo, hivyo masomo yalianzia Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, katika jengo ambalo chama cha TANU kilikuwa kimejijengea. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wote hawakuzidi 14. Shahada walizosomea zilikuwa za Chuo Kikuu cha London.

Sheria ilitangulizwa kwa sababu ya msingi. Makerere ilikuwa ikifundisha udaktari na Nairobi uhandisi, lakini Afrika Mashariki nzima haikuwa na mahali pa kumfunza mwanasheria. Serikali za kikoloni hazikupenda kuona wanasheria Waafrika wakizagaa. Zilijua wanasheria wa Bara Hindi na Ghana walivyozisumbua. Aliyetaka uwakili alilazimika kufunga safari hadi Uingereza, na wangapi waliimudu nauli? Nchi ikakaribia kujitawala huku mawakili wake Waafrika wakihesabika kwa vidole.

Kwa hiyo darasa lile dogo halikuwa la Watanganyika peke yao. Lilikuwa darasa la Afrika Mashariki. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Mkuu wa kitivo alikuwa A.B. Weston, na pamoja naye walikuwepo vijana wawili kutoka Uingereza, William Twining na Patrick McAuslan. Hebu fikiria uwiano huo: mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiofika hata watano. Mwanafunzi asiyeelewa hoja hakuwa na pa kujificha, na mwenye shida hakuhitaji kupanga foleni ya ofisi yoyote. Vitabu vya sheria vilivyokuwepo viliandikwa kwa ajili ya London, kwa hiyo walimu na wanafunzi walilazimika kuisoma upya sheria ya nchi hizi, pamoja na mila na mahakama zake, kuanzia mwanzo. Twining baadaye alijulikana duniani kote kwa kushikilia kwamba sheria isomwe ndani ya mazingira ya jamii yake. McAuslan alirudi Tanzania miaka ya 90 kusaidia kuandika muswada uliozaa sheria za ardhi za mwaka 1999, zinazotumika hadi leo. Naamini wote wawili waliondoka Dar es Salaam wamejifunza mengi, si chini ya waliowafundisha.

Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka uliofuata kikahamia kilimani, magharibi ya jiji, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Mabweni yalikuwa mapya, chakula cha kafteria kilikuwa cha uhakika, na Serikali ililipa ada na malazi. Kwa kijana aliyetoka kijijini kwao akiwa na sanduku la bati, huo ulikuwa ulimwengu mwingine.

Mwalimu Nyerere aliuona ulimwengu huo ukimeremeta, akaingiwa na wasiwasi. Yeye mwenyewe alisoma Makerere na Edinburgh, kwa hiyo alijua joho humfanyia nini kijana. Katika miaka hiyo ya 60 alitoa mfano ambao wasomi wa Mlimani wameendelea kuusimulia: mwanafunzi wa chuo kikuu ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Kwa maneno mengine, wali na maharage ya kafteria vilikuwa deni.

Deni lilidaiwa mapema kuliko wanafunzi walivyotarajia. Mwaka 1966 Serikali ilitangaza kwamba wahitimu wataingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema mawaziri na makatibu wakuu wanaishi kwa raha huku vijana wakiambiwa wajinyime. Ila baadhi ya mabango yalisema afadhali ukoloni, na hapo ndipo walipomchoma Mwalimu. Aliwasikiliza, kisha akawaka. Alitangaza papo hapo kukata mshahara wake kwa asilimia 20, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400 wa Mlimani na vyuo vingine. Wengi walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likiwa limeshapitishwa.

Kila nikirudia kisa hiki naona pande zote mbili zilikuwa na haki yake. Mwalimu hakuwaambia wajinyime huku yeye akishiba, na ni viongozi wachache wanaoweza kujivunia hilo. Lakini wanafunzi nao ndio waliouliza kwa sauti swali ambalo nchi ilikuwa ikilinong'ona: kama chakula cha kijiji ni kichache, mbona wanaokigawa hawapungukiwi?

Swali hilo halikuondoka Mlimani. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia, Yoweri Museveni akiwa mmoja wa wanafunzi, na mwaka 1969 wanafunzi wakaanzisha jarida la Cheche. Humo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa matabaka nchini Tanzania. Mwaka 1970, mwaka uleule chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, Cheche lilipigwa marufuku. Vijana waliolishwa ili wafikiri walikuwa wamefikiri.

Kilichokuja kubadilisha maisha ya mwanafunzi zaidi ya siasa zote hizo ni uhaba wa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ilianza sera ya kuchangia gharama, na mzazi akaanza kubebeshwa sehemu ya mzigo ambao awali ulikuwa wa Serikali. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005. Fedha za kujikimu huitwa bumu, na maisha ya chuo yakaanza kuhesabiwa kwa tarehe zake: kabla ya bumu na baada ya bumu. Asiyepata chumba hubebwa na rafiki, wawili wanalala kitanda cha futi mbili na nusu mzungu wa nne, na asubuhi wote wanawahi ukumbini, kwa kuwa aliyechelewa husikiliza mhadhara akiwa amesimama dirishani. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kumjua kila mmoja kwa jina, hata akitaka. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa zaidi, kuliko hata la fedha: mwanafunzi anayezama siku hizi anaweza kuzama muhula mzima bila mtu kugundua, hadi matokeo yatoke.

Deni nalo limeandikwa upya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Deni hilo pia liliongezewa tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, hadi ilipofutwa mwaka 2021 baada ya malalamiko ya muda mrefu. Wale wa 1966 walitakiwa kuacha asilimia 60 kwa mwaka mmoja na nusu, kisha basi. Wa leo hukatwa mwezi baada ya mwezi, miaka kadhaa, hadi shilingi ya mwisho, na anayekatwa ni yule aliyebahatika kuajiriwa. Mwenzake aliyehitimu siku ileile na bado anazungusha bahasha mitaani anadaiwa vilevile.