Dondoo na Shairi Geni: Utahini wa Fasihi ya Kiswahili nchini Kenya

Historia ya utahini wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya haiwezi kutenganishwa na wingi wa watahiniwa. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka wa 1967, lilirithi hatua kwa hatua kazi iliyokuwa ikifanywa na Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka wa 1971, na mwaka wa 1980 Kenya ikaunda Baraza lake la Taifa la Mitihani. Hata hivyo, mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ndio uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka wa 1989.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wahakiki hulipuuza: insha ya kihakiki itasahihishwaje kwa kipimo kimoja na wasahihishaji wengi? Jawabu lililozoeleka ni dondoo. Mtahiniwa hupewa kauli ya mhusika na kuagizwa aeleze muktadha wake kwa alama 4. Hesabu yake inajulikana na kila mwalimu wa kidato cha nne: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Usahihishaji ukawa thabiti. Uhalali ndio uliobaki mashakani, kwani mwanafunzi aliyekariri mwongozo pasi na kukifungua kitabu teule huweza kuzizoa alama zote.

Hata hivyo, lawama zinazotupiwa dondoo zimepita kiasi. Katika tamthilia, kauli haikamiliki kimaana nje ya kinywa kinachoitamka. Kujua nani anamwambia nani ni mwanzo halali wa uhakiki. Kasoro ni kukomea hapo.

Swali bora zaidi, ambalo halisifiwi inavyostahili, ni lile la shairi ambalo mtahiniwa hajapata kulisoma. Mwongozo haumfai kitu. Akitakiwa kuandika ubeti kwa lugha nathari, hana budi kuinyoosha sintaksia iliyopinduliwa, kuyakamilisha maneno yaliyofupishwa, kisha aamue nafsineni anakusudia nini. Kutaja inkisari na kutolea mfano ni kazi nyepesi (na maswali ya namna hiyo yamekithiri). Kutambua kwamba neno limekatwa ili mizani itimie, na bado kulipata maana yake, ni jambo jingine. Msahihishaji naye hulazimika kulisoma shairi lenyewe, maana nathari mbili zinazotofautiana huweza kuwa sahihi zote mbili.