Neno Lililogeuka Ushahidi: Historia na Hofu katika Filamu ya The Witch

Filamu ya The Witch, iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani Robert Eggers, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015 katika tamasha la Sundance. Kisa chake kinatokea New England katika miaka ya 1630. William, mkulima Mpuritani kutoka Uingereza, anafukuzwa katika makazi ya walowezi kwa mfarakano wa kidini, akahamia na jamaa yake kando ya msitu. Huko mahindi yanaoza, na mtoto mchanga, Samuel, anatoweka mikononi mwa dada yake, Thomasin.

Hofu ya filamu hii haiji kwa kishindo, bali huanzia ulimini. Waswahili husema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Thomasin, akitaka kumtisha mdogo wake Mercy, anadai kwa mzaha kwamba yeye ndiye mchawi. Baadaye mzaha huo unageuzwa ushahidi dhidi yake. Naye baba, aliyeuza kwa siri kikombe cha fedha cha mkewe, ananyamaza huku binti akilaumiwa kwa kukipoteza.

Mazungumzo mengi ya filamu yalichotwa katika maandishi ya zama zile, zikiwamo kumbukumbu za mahakama. Kumbukumbu hizo zina uzito wake. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641 ziliufanya uchawi kuwa kosa la kifo, na katika mashauri ya Salem ya mwaka 1692 watu 19 walinyongwa. Waliokiri kwa kawaida walinusurika. Walionyongwa walikuwa wameshikilia kwamba hawana hatia. Hivyo uongo uliokoa, na ukweli ukaua.

Yamkini mtu akasema kwamba filamu inawapa haki washitaki, kwa kuwa msituni mchawi yumo kweli. La hasha. Aliyemo msituni siye waliyemshitaki. Thomasin anakuwa mchawi mwishoni tu, baada ya jamaa yake kuangamia na yeye kubaki bila jina jingine ila lile aliloitwa.

Jina la namna hiyo halifutiki upesi. Elizabeth Johnson, aliyetiwa hatiani mwaka 1693 lakini hakunyongwa, alisafishwa rasmi na Bunge la Massachusetts mwaka 2022.