Karatasi za Nyuzi za Mimea: Kipi Kipakiwe, Kipi Kiachwe Shambani

Karatasi si lazima itokane na mti. Nyuzi zinazofaa zimo pia katika mabaki ya mazao: mashina ya migomba, makapi ya miwa, mabua ya ngano na nyuzi fupi zinazobaki kwenye korona za mkonge.

Utengenezaji
Nyuzi hukatwakatwa, huchemshwa kwa kostiki soda, huoshwa na kupondwa hadi ziwe rojo. Rojo hutiwa maji mengi, huchujwa kwenye wavu, hukamuliwa na kukaushwa. Maji ya soda yasafishwe kabla ya kumwagwa, la sivyo yataharibu mito.

Malighafi
- Mkonge: nyuzi ndefu na imara, hufaa karatasi ngumu. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani.
- Miwa: nyuzi fupi, hufaa karatasi ya kuandikia. Makapi si ya bure, kwani viwanda vya sukari huyachoma kupata mvuke na umeme.
- Migomba: kila shina huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa.

Usafirishaji
Hapa ndipo faida hupotea. Shina bichi la mgomba ni maji kwa asilimia 90 hivi. Lori la tani 10 za mashina hubeba takriban tani 9 za maji, na nauli hulipwa kwa uzito wote. Makapi ya miwa yanapotoka kiwandani, karibu nusu ya uzito wake ni maji.

Kuna hatari nyingine. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001, huenezwa pia na sehemu za mimea iliyoambukizwa. Mzigo wa mashina mabichi unaweza kuzuiwa na wakaguzi wa afya ya mimea mpakani. Nyuzi zitolewe na kukaushwa karibu na shamba. Kinachofaa kuvuka mpaka ni nyuzi kavu, rojo lililokaushwa au karatasi yenyewe, na vyote vifunikwe vizuri visilowe.

Soko
Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Hatua hizo zilifungua nafasi kwa vifungashio mbadala, ikiwemo mifuko ya karatasi.

Forodha
Nyuzi za mkonge na mabaki yake huingia kifungu 5305, rojo la nyuzi hizo 4706, karatasi ya kutengenezwa kwa mkono 4802, mifuko na maboksi 4819. Kukosea kifungu huweza kubadili ushuru na kuchelewesha gari. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili, iwapo bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Msafirishaji aulize kuhusu orodha hiyo kabla ya kupakia.