Nani Alimleta Sangara? Habari ya Ndoano, Maofisa wa Kikoloni na Sufuria Zetu

Wageni wanaopita kwetu kushonesha mashati ya kitenge siku hizi wana swali moja: wapi watapata boti ya kukodi nusu siku wakavue sangara kwa fimbo na mshipi? Wanaondoka alfajiri, wanarudi kabla ya chakula cha mchana, jua limewachoma pua, na mkononi wana picha tu. Samaki hawana. Wamemrudisha majini. Mama mmoja anayeuza dagaa jirani na cherehani zetu alicheka mpaka akakaa chini. Mtu atoe pesa yote hiyo, amshike samaki wa kulisha ukoo mzima, ampige picha kisha amwachie aende zake?

Tulicheka naye. Lakini baadaye tukaanza kuulizia na kusoma habari ya mchezo huu, na kicheko kikapungua. Uvuvi wa kujifurahisha si jambo la juzi ziwani kwetu. Ni mmoja wa wazazi wa sangara mwenyewe. Bila ule mchezo wa mabwana wa kikoloni na fimbo zao, huenda sangara asingekuwepo kabisa Mwanza.

Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya themanini tulimkuta sangara sokoni, tukadhani Mungu alimuumba humuhumu. Hapana. Sangara ni mgeni. Na tuwaambie jingine kabla hamjakaa sawa: hata sato tunayemjua leo, yule tunayemsifia kwa ugali, naye aliletwa, miaka ya hamsini.

Wenyeji walikuwa wengine. Kabla ya John Speke kufika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake, watu wa kandokando walikwisha kuwa na majina yao, Nyanza, Nalubaale, Nam Lolwe, na walikwisha kuwa na samaki wao. Mkubwa wa heshima alikuwa ngege. Walikuwepo mbiru, ningu, kamongo, kambare mumi, gogogo, domodomo. Na walikuwepo furu, samaki wadogo wa kila rangi, zaidi ya aina 500 kwa makadirio ya wataalamu, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Bibi zetu hawakuhesabu aina. Kwao furu alikuwa kitoweo cha siku ya kawaida, wa bei ndogo, anaanikwa juani juu ya jiwe na kubebwa kwenye kikapu kwenda kubadilishwa na mtama au muhogo. Kuvua ilikuwa kazi ya wanaume. Kukausha, kubeba na kuuza ilikuwa kazi ya wanawake. Shikeni hilo la kuuza, tutalirudia.

Ugonjwa ulianza na reli. Treni ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za kisasa za makila zikaingizwa upande ule wa ziwa. Ngege akavuliwa kwa fujo na kusafirishwa kwa treni. Hazikupita hata miaka 25, serikali za kikoloni zikaona samaki wanapungua, zikamwita Mwingereza Michael Graham apime ziwa zima. Alifanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928. Katika ripoti yake alishauri matundu ya nyavu yasiwe madogo kupita kiasi, na akagusia wazo lililokuwa likinong'onwa tayari: kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka ziwa jingine. Graham alionya kwamba ni hatari kubwa, jambo la kutoguswa bila utafiti mrefu kwanza. Onyo liliandikwa, likachapishwa, likawekwa kabatini.

Sasa tuje kwenye fimbo. Maofisa na masetla wa Kiingereza walipenda kuvua kama sisi tunavyopenda harusi. Popote walipokaa, walitaka mto wenye samaki anayepigana akinaswa, kama wa kwao. Samaki aina ya trauti waliletwa mito ya milimani Kenya tangu 1905. Ziwa Naivasha likawekewa samaki wa Kimarekani mwaka 1929 ili watu wapate wa kushindana naye wikiendi. Pwani hawakuhitaji kuleta kitu, kwa sababu mkondo wa Pemba una nduaro wa kutosha kumvuta mtu mzima nje ya boti. Uganda walikuwa na Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison, ambako sangara hufika urefu wa karibu mita mbili, na mtu aliyemtoa mmoja alikuwa na la kusimulia mpaka astaafu. Yale maporomoko ndiyo yaliyomzuia sangara kupanda juu. Alikuwa Ziwa Albert, alikuwa Turkana, lakini Ziwa Kyoga na ziwa letu hakuweza kufika kwa mapezi yake. Ilibidi abebwe.

Kwa nini abebwe? Hapa palikuwa na hoja mbili zilizovaa nguo moja. Hoja ya mbele ilikuwa chakula: ngege wamepungua, furu wamejaa lakini ni wadogo na wana miiba, basi aletwe samaki mkubwa awale furu, nasi tumle yeye. Maofisa waliwaita furu samaki wasio na thamani. Sisi hapo ndipo roho inapotuuma. Wasio na thamani kwa nani? Mwanamke aliyekuwa akilea watoto kwa kikapu cha furu hakuulizwa. Hoja ya nyuma, ambayo haikutangazwa sana, ilikuwa burudani: sangara ziwani ina maana uvuvi wa kifahari karibu na Jinja, Entebbe na Kisumu.

Wanasayansi walikuwepo na hawakunyamaza. Kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja mwaka 1947, na mwaka 1960 mtaalamu wake Geoffrey Fryer aliandika wazi kupinga mpango huo. Alikuwa amechelewa. Upande wa pili ilikuwepo Idara ya Wanyama na Uvuvi ya Uganda, ambayo mkuu wake katika miaka ya hamsini alikuwa Bruce Kinloch, mpenzi wa ndoano asiyeficha kwamba alimtaka sangara. Mwaka 2005 mtafiti wa Kimarekani Robert Pringle alichapisha uchunguzi wa nyaraka na ushuhuda wa waliokuwepo. Kwa mujibu wake, sangara waliingizwa kimyakimya Jinja mwaka 1954 na wafanyakazi wa idara hiyo, kwa maagizo ya wakubwa wao. Mwaka huohuo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa palepale. Kinloch baadaye alihamia kwetu Tanganyika kuwa mkuu wa wanyamapori, na Chuo cha Mweka kule Kilimanjaro, kilichoanza 1963, ni kazi yake pia. Tunalitaja hili kwa haki. Mtu huyohuyo anaweza kujenga kizuri huku na kufungulia jambo zito kule.

Mwaka 1960 sangara akanaswa karibu na Jinja, siri ikawa haipo tena. Kwa kuwa amekwisha kuingia, wakubwa wakaona bora waongeze: Entebbe mwaka 1962 na 1963, Kisumu mwaka 1963. Angalieni miaka hiyo. Tanganyika imepata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Bendera zinabadilishwa mlingotini, hotuba zinasomwa, na huku chini ya maji jambo litakalobadilisha maisha ya mamilioni limekwisha kuamuliwa.

Kwa karibu miaka 20 halikuonekana kubwa. Wavuvi wa Mwanza walimpata sangara mmojammoja, wengine wakamwogopa kwa ukubwa wake. Kisha katikati ya miaka ya themanini akalipuka. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wanapima furu katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, kwa hiyo waliona kwa macho: nyavu zilizokuwa zikija na furu wa kila rangi zikaanza kuja na sangara watupu. Aina zipatazo 200 za furu zinakadiriwa kupotea. Tusimtwishe sangara mzigo wote peke yake. Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikivua furu kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki hapa Mwanza tangu miaka ya sabini, na maji nayo yalizidi kuchafuka. Lakini mlaji mkubwa alikuwa yeye.

Turudi kwenye kuuza. Furu na ngege walikuwa wa mwanamke mwenye mtaji mdogo: jua, jiwe, kikapu. Sangara ana mafuta mengi, haukauki mwili wake juani kama furu. Anataka kubanikwa kwa moto, na moto unataka kuni, na kuni zinataka pesa au mgongo wako. Halafu vikaja viwanda vya minofu vya miaka ya tisini. Mzigo ukaanza kununuliwa ufukweni na magari yenye barafu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mama aliyekuwa akimnunua samaki mzima akaachiwa mapanki, yaani kichwa na mfupa baada ya nyama kuondolewa. Wanawake hawakukaa kulia. Waliyakaanga mapanki, wakayauza, watu wakala. Wengine wakaingia kwenye kayabo, sangara wa chumvi anayesafiri mpaka Congo. Wengine wakashika dagaa, na mpaka leo ukienda Mwaloni Kirumba utaona dagaa kwa sehemu kubwa ni biashara ya mwanamke. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyopigwa hapa Mwanza ilionyesha mapanki kama aibu ya dunia, serikali ikakasirika sana. Sisi tulichokosa mle ni mama akihesabu faida yake jioni.

Na hatutasema sangara ni laana. Mwanza ya leo ameijenga kwa sehemu yake: nyumba, ada za shule, malori, mpaka nguo tunazoshona, kwa sababu mke wa mwenye mtumbwi akipata msimu mzuri sisi ndio wa kwanza kujua. Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa letu mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, mji mzima uliumwa. Siku hizi bondo lake, lile puto la ndani, lina bei ya kushangaza kwa sababu ya soko la China. Ila vipimo vya kitaalamu bado vinamweka katika orodha ya viumbe wageni 100 walioharibu zaidi duniani, nayo si orodha ya uongo. Mambo yote mawili ni kweli, na tumeamua kuyabeba yote mawili.

Sasa, kwa mnaotaka kujaribu huo mchezo. Mahali pake hasa ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa 1977, kusini-magharibi mwa ziwa. Uvuvi wa biashara humo ni marufuku, ndiyo maana sangara wanafikia umri wa kuzeeka. Unalipia kibali cha hifadhi, unatoka asubuhi maji yakiwa yametulia, boti inakwenda taratibu ikiburuta chambo cha bandia kinachochezacheza kama samaki mdogo mgonjwa. Saa zinapita kimya. Kisha mshipi unavutwa kwa nguvu na kelele zinaanza. Vaeni jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka, hata kama nahodha anasema hakuna shida. Ziwa letu huchafuka ndani ya dakika chache. Funga kitambaa kichwani, vaa mikono mirefu ya pamba, na usining'inize miguu majini karibu na matete, kichocho kipo.

Na kuna jambo dogo lililotufurahisha. Kwa wavuvi wengi wa huku ilikuwa mwiko mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia, eti atafukuza samaki. Kwenye boti ya kitalii hakuna anayeuliza. Unashika fimbo, unapigana naye mwenyewe.

Kuhusu ngege, bado yupo. Ametoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, lakini anaishi katika vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli huko Siaya, Kenya, ambako mafunjo yamejaa katikati yake na ziwa na sangara hajapenya. Bibi mmoja wa Ukerewe tuliyemsimulia habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya mpaka huko ni shilingi ngapi.